Wazungu wastaafu wa Malindi na Diani: kwa nini wengine huzoea na wengine hufungasha virago?

#1 Mtondoo
Wakuu, salaam. Swali hili linanisumbua muda mrefu, nimeona niliweke hapa kwa kuwa humu kuna watu wa pande zote.

Mimi ni fundi wa mabomba na pampu za maji, Malindi na Watamu. Wateja wangu wengi ni wastaafu waliohamia huku kutoka Italia, Ujerumani, Uswisi na Uingereza. Naingia majumbani mwao, naona wanavyoishi. Wapo waliofika wakiwa na miaka sitini, wakajenga, wakapanda miembe, leo wamepita themanini na ukiwauliza kwao wapi wanakujibu ni hapa. Na wapo waliofika kwa shangwe, nyumba ya makuti, bwawa la kuogelea, mbwa wawili, halafu haipiti muda unaona kibao cha kuuza kimetundikwa getini. Pesa ni zilezile, bahari ni ileile, tena wakati mwingine ni majirani wa ukuta mmoja.

Dai langu: kinachowatenganisha ni Kiswahili. Aliyejifunza kuzungumza na watu hukaa. Anajua mvuvi gani ametoka baharini asubuhi, maji yakikatika anajua ampigie nani wa boza, jirani akifiwa anakwenda kuhani. Asiyejifunza, kila jambo hulipitisha kwa mtu wa kati, na mtu wa kati humla. Akichoka kuliwa anaondoka, huko kwao anasema Kenya ni ya wezi.

Mwenye hoja nyingine aseme.

#2 BahariaMstaafu
Uzi mzuri, fundi. Lakini mji wako mwenyewe unakupinga.

Waitaliano walianza kuja kwa wingi miaka ya 1960 na mradi wao wa setilaiti kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Setilaiti yao ya Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wetu, ndipo ikapata jina. Baada ya mafundi wakaja wenye hoteli, baada ya wenye hoteli wakaja wastaafu. Leo dereva wa tuktuk, muuza vinyago, hata kijana wa madafu anakujibu kwa Kiitaliano safi. Namjua mzee mmoja amekaa hapa tangu mimi kijana. Kiswahili chake ni salamu tu na kuhesabu hadi tano. Hajahama wala hafikirii kuhama. Atajifunza Kiswahili cha nini ikiwa mji mzima umejifunza cha kwake?

#3 Nesi_Kilifi
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni afya.

Mtu akija na miaka 62 ana nguvu, anaogelea, anapanda pikipiki. Akifika 75 goti limekwisha, presha ipo, moyo unadunda vibaya. Kutoka Malindi hadi hospitali kubwa za Mombasa ni kama kilomita 120, na usiku ndio mbali zaidi. Bima ya afya ya serikali ya Ujerumani haimlipii matibabu akiishi Kenya, kwa sababu nchi hizi mbili hazina mkataba huo. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, nayo kwa kawaida hailipi nje. Ile bima ya binafsi aliyokuwa akiikwepa alipokuwa mzima, sasa akiitafuta anaambiwa umri umepita au anatajiwa bei ya kumtoa jasho.

Nimewahudumia wengi. Wakati wa kuondoka haupangwi na lugha. Hupangwa na siku aliyoanguka bafuni na mke wake hakuweza kumnyanyua.

#4 Kijiti
Mafundi wa Malindi mmeanza utafiti, sisi wa Mombasa tukae tujifunze 😄

Mimi nasema pesa tu. Mzungu mstaafu analipwa kwa pauni au yuro na kila mwaka anaongezewa. Huku maisha rahisi. Anayeondoka ni yule aliyemaliza akiba kwa ujenzi na starehe. Hakuna siri hapo.

#5 Leicester_Mkongwe
Kijiti, hapo kwenye pauni umepotosha watu. Pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi ukihamia Kenya wala Tanzania. Hugandishwa. Inabaki pale ilipokuwa siku uliyohama, au siku ulipoanza kuipokea ukiwa huko.

Chukua mtu aliyestaafu mwaka 2016 kwa kiwango kamili cha mfumo mpya, pauni 155.65 kwa wiki, akahamia Diani mwaka huohuo. Hadi sasa anapokea pauni 155.65. Mwenzake aliyebaki Uingereza alikuwa akilipwa pauni 230.25 kwa mwaka wa fedha 2025/26. Angehamia Mauritius au Marekani angeongezewa kama kawaida, kwa sababu huko kuna makubaliano. Kwetu hakuna.

Nalijua jambo hili kwa kuwa linanihusu. Mimi mzaliwa wa Majengo, Mombasa, nimeendesha basi hapa Leicester maisha yangu ya kazi. Wenzangu wananiambia rudi nyumbani ukale pensheni yako kwa raha. Kila nikipiga hesabu nakuta kadiri nitakavyoishi ndivyo pesa hiyo itakavyopungua nguvu. Kwa hiyo Mwingereza wa Diani anayefungasha virago akiwa na miaka 80 huenda hakutapanya chochote. Bei zilimwacha nyuma polepole.

#6 Hisabati_ya_Mtaa
Ongeza na kupanda na kushuka kwa shilingi. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Miezi michache tu baadaye ilikuwa kama 130. Mstaafu aliyepanga maisha kwa ile bei ya kwanza aliamka akiwa na pungufu ya karibu moja ya tano ya kipato chake, na wala hajala anasa yoyote. Bawabu, mpishi na mtu wa bustani hawapunguziwi mshahara kwa sababu dola imeshuka.

#7 Ngomeni_Asilia
Nimsahihishe kidogo BahariaMstaafu #2. Uhuru haikuwa setilaiti ya Waitaliano, ilikuwa ya Wamarekani, NASA. Ya Waitaliano ilikuwa ile mitambo miwili iliyosimama baharini, San Marco na Santa Rita, na wao ndio waliorusha. Roketi zenyewe, Scout, za Marekani vilevile. Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988. Kituo cha nchi kavu bado kipo.

Baba yangu alibeba mizigo pale. Wale mafundi wa mwanzo walikula nasi, walivua nasi. Hawa wastaafu wa baadaye ni watu wengine kabisa.

#8 BahariaMstaafu
Sawa Ngomeni, ya roketi nakuachia. Hoja yangu ya mzee asiyejua Kiswahili iko palepale.

#9 Bi_Shela
Assalaam alaykum. Niseme kidogo nikiwa ndani ya nyumba, maana mume wangu ni Mswisi na tumeoana muda mrefu.

Aliponijia hapa kwa kuishi, alijua kutakuwa na stima za kukatika na maji ya mgao. Alinunua jenereta, tukachimba kisima, akaweka tenki. Hayo hayakumtesa hata kidogo, yeye ni mtu wa mikono. Kilichomtesa ni watu kuja bila taarifa. Shangazi anafika saa nane mchana, amekaa, hana haraka, hasemi alichokuja nacho. Mume wangu anamaliza chai, anatazama saa, anatabasamu, ndani anachemka. Kwao mtu hupiga simu wiki nzima kabla.

La pili lilikuwa maombi. Leo karo, kesho mchango wa maziko, keshokutwa paa la mtu limevuja. Mwanzo alitoa kila kitu akawa anaumwa na hasira. Kisha akakataa kila kitu, watu wakaacha kuja, na akahuzunika kwamba hawaji! Tulikaa tukapanga: kila mwezi kuna fungu la ndugu na majirani, mwenye fungu ni mimi, likiisha limeisha. Yeye akiombwa anasema, "Mwulize mama." Tangu siku hiyo nyumba ina amani na shangazi akija anamletea hadithi za ukoo, naye anazitaka.

Nimewaona wenzake wengi wakiondoka. Wengine walikuwa wanajua Kiswahili kizuri kuliko yeye. Hawakuwa na mtu wa kusimama kati yao na mlango.

#10 Mtondoo
Bi Shela, shikamoo. Hili la mlango sikulifikiria. Lakini mimi nalisoma hivi: wewe ndiwe Kiswahili chake. Ana mtu wa kati asiyemla.

#11 Kijiti
Leicester #5 nimekusoma. Basi wa Ulaya bara je? Mjerumani naye hugandishwa?

#12 Hisabati_ya_Mtaa
Hapana. Raia wa Ujerumani hupokea pensheni yake yote hata akiishi nje, na huongezwa kama ya waliobaki. Ila kila mwaka hutumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba yu hai, ambayo kwa kawaida huthibitishwa na ofisi au afisa anayekubalika, kisha irudishwe. Isiporudi, malipo husimama. Waitaliano nao wana ya kwao. Niliwahi kumsaidia mzee wa Mtwapa ambaye fomu yake ilichelewa posta, akakaa bila pesa akikopa unga dukani, yeye aliyekuwa akiwakopesha watu.

Kwa hiyo Kijiti, kama pesa ndiyo sababu pekee, Wajerumani wangebaki na Waingereza wangeondoka. Je, ndivyo mnavyoona mtaani? Mimi sioni hivyo.

#13 Kaskazi_na_Kusi
Mnasahau swali la nani hasa "amehamia". Wengi mnaowaita wenyeji wa Malindi hawajawahi kuhama. Wanakuja Desemba na kaskazi, wanakula jua, ikifika Aprili masika yakianza na bahari kuchafuka kwa maji ya mto Sabaki na mwani ufuoni, wanafunga nyumba wanarudi kwao hadi kusi lipite. Nyumba yao ya Ulaya ipo, daktari wao yupo, wajukuu wapo. Hao ndio wanaodumu miaka thelathini. Aliyeuza kila kitu Ulaya akaja na maboksi yote, huyo ndiye anayevunjika, kwa sababu mwezi wa tano ukimkuta hapa peke yake hoteli zimefungwa, mikahawa imefungwa, mvua usiku kucha, hana pa kwenda.

Mzee wa BahariaMstaafu #2, hebu tuambie: mwezi wa tano yuko Malindi?

#14 BahariaMstaafu
Yuko. Hukaa barazani kwa muuza kahawa karibu na jeti, mvua inyeshe isinyeshe.

#15 Mlinzi_wa_Zamani
Nimefanya kazi ya ubawabu Diani nyumba mbalimbali. Niongeze la kwangu.

Nyumba moja mume alipenda huku, mke hakupenda. Nyumba ya pili mke alipenda, mume alikunywa. Nyumba ya tatu mzee alikuwa mjane, akaoa binti wa Ukunda, kiwanja na nyumba vikaandikwa kwa jina la binti, wakagombana, mzee akatoka na begi moja. Binti naye msimhukumu haraka, alimwuguza yule mzee kwa mikono yake na watoto wa mzee hawakupiga simu hata Krismasi.

Ninachotaka kusema: hawaondoki "wazungu". Anaondoka mmoja katika wawili, na mwingine analazimika kufuata.

#16 Jicho_la_Pwani
Mimi sina huruma nao sana. Wamenunua ufuo wote, njia za wavuvi zimezibwa kwa kuta, vijana wetu wamebaki walinzi kwenye ardhi ya babu zao. Mtu akihama akaacha nyumba, sioni msiba.

#17 Hisabati_ya_Mtaa
Uchungu wako nauelewa, na njia za ufuoni kuzibwa ni jambo la kweli la kupigania. Ila sheria isomwe vizuri. Katiba ya 2010, ibara ya 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi milele. Anapewa kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Hata aliyekuwa na hati ya zamani ya umilikaji wa kudumu ilihesabiwa kuwa ukodishaji wa miaka 99. Na kuta nyingi za ufuoni ni za wananchi wenzetu wenye pesa. Angalieni majina.

Kuhusu kibali: wastaafu wengi hukaa kwa kibali cha daraja K. Umri usiwe chini ya miaka 35, uonyeshe kipato cha uhakika cha angalau dola 24,000 kwa mwaka, na hutakiwi kufanya kazi ya mshahara. Hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyekuwa fundi umeme maisha yake yote, ukimwambia asiguse kazi ya malipo, siku zinakuwa ndefu.

#18 Chumbe_Muskati
Nawasoma kutoka Seeb, Muskat. Niwape mfano wa upande wa pili, labda utasaidia swali la fundi.

Mama yetu alikuwa mwalimu Unguja. Alipostaafu tulimleta huku kwa sababu watoto wote tuko huku. Mnajua Oman imejaa watu wetu, waliorudi baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi, kutoka Zanzibar, Pemba, hata Burundi na Rwanda. Mtu anaweza kushinda siku nzima kwa Kiswahili, dukani, msikitini, harusini. Lugha haikuwa tatizo, dini haikuwa tatizo, hospitali nzuri, pesa ipo.

Mama alikonda. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa machozi. Kuanzia Juni joto linapita nyuzi 40, hakuna anayetembea nje, nyumba zina kuta ndefu, kila mahali ni kwa gari na yeye hajui kuendesha. Unguja alikuwa akitoka mlangoni hatua mbili kashasalimiwa na watu kumi. Huku alikuwa akisubiri sisi turudi kazini ndipo aone uso wa mtu. Kila Ijumaa anauliza tikiti bei gani.

Kilichombadilisha ni kuhama nyumba. Tulihamia mtaa ambao kuna akina mama wa Kizanzibari wanne kwa mwendo wa miguu. Baada ya alasiri wanakusanyika kwa zamu, darsa, mapishi, umbea. Joto ni lilelile. Mama amenona, sasa tukimwambia twende Unguja likizo anauliza tutarudi lini.

Kwa hiyo mimi nasema ni miguu. Mtu mzima akiweza kufika kwa watu bila kumwomba mtu, atazoea popote.

#19 Mtondoo
Chumbe, umenifanya nikae nizipitie nyumba za wateja wangu kichwani. Zilizouzwa upesi, nyingi ni za mbali, upande wa Mayungu huko, mwisho wa barabara ya vumbi, ukitaka chumvi uwashe gari. Waliodumu wengi wako ndani ya mji au ukingoni, sokoni wanafika kwa miguu au tuktuk ya mia.

Lakini siachi dai langu. Miguu ikufikishe kwa watu, ukifika useme nini? Mama yako alikuwa na lugha tayari.

#20 Chumbe_Muskati
Na mzee wa BahariaMstaafu pale kwa muuza kahawa anasema nini? Anakunywa, anacheka, anahesabu hadi tano. Inamtosha.

#21 Nesi_Kilifi
😄 Mmemfanya yule mzee kuwa kesi ya mahakama.

Chumbe, hoja yako naikubali nusu. Miguu yenyewe ni afya. Siku goti likikataa, ile baraza iliyo hatua mia inakuwa Ulaya.

#22 Mwalimu_Tegeta
Wakuu habari. Kwa upande wetu Tanzania, wastaafu wa kigeni hukaa kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, ndimo walimowekwa pamoja na wanafunzi na watu wa kujitolea. Zanzibar wameongeza njia nyingine: ukinunua nyumba kwenye mradi ulioidhinishwa, kuanzia dola 100,000, unaweza kupata kibali cha ukaazi wewe na familia. Ndiyo maana Fumba na kwingineko majengo yanaota kila siku.

Hofu yangu ni kwamba miradi hii inajenga mitaa ambayo mstaafu hatakutana na Mzanzibari isipokuwa aliyevaa sare ya kazi. Chumbe kasema miguu. Pale utatembea, lakini utawakuta wageni wenzako. Wakifa au wakihama mmoja mmoja, unabaki na nani?

Halafu Leicester, shukuru wewe ni Mkenya, tangu 2010 katiba yenu inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza amepoteza wa kwao. Akistaafu akataka kurudi Tegeta anarudi akiwa si raia. Kaka yangu yuko katika hali hiyo na inamnyima usingizi.

#23 Leicester_Mkongwe
Ni kweli, na pole kwa kaka. Lakini hata mwenye pasi mbili hana raha unayoidhania. Matibabu ya bure ya hapa yanategemea kuishi hapa, hayategemei ulichangia miaka mingapi. Nikihamia Mombasa rasmi, nikija Leicester kutembelea wajukuu nikaugua, naweza kudaiwa. Kwa hiyo nikichagua nyumbani nimechagua na hospitali za nyumbani.

Na "nyumbani" ni wapi? Niliondoka Majengo kijana. Rafiki zangu wa kucheza nao gololi wengi wamekufa, waliobaki wananitazama kama mzungu mwenye pochi. Nikienda likizo, wiki ya kwanza raha, wiki ya tatu natafuta mtu wa kuzungumza naye habari za ligi ya hapa na sipati. Nawaelewa sana hao Wajerumani wenu. Mimi nitakuwa mgeni katika mtaa niliozaliwa.

#24 Bi_Shela
Kaka Leicester, hilo la pochi dawa yake nimeshaitaja. Tafuta mwenye fungu.

#25 Duluth_Baridi
Minnesota hapa. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kisumu kulea wajukuu, akapata makaratasi, akabaki. Kila mtu alidhani theluji itamshinda. Theluji aliizoea, ana buti zake na koti lake. Kilichomshinda ni wajukuu kukua. Walipoanza shule zote akakosa kazi ya kufanya ndani ya nyumba, na hapo ndipo alipoanza kuzungumzia kaburi lake liwe wapi.

Nesi, hamjagusa hili. Mtu mzima anawaza atazikwa wapi. Wazungu wenu wanazikwa wapi?

#26 Nesi_Kilifi
Wengine wanasafirishwa, gharama kubwa. Wengine wanachomwa Mombasa kwenye tanuri la Wahindu na majivu yanamwagwa baharini. Wengine wanazikwa hapahapa, na hao huwa walishasema mapema kabisa. Duluth umegusa penyewe. Aliyekwisha kusema "nizikwe hapa" nimemwona akiugua vibaya na haondoki. Anaajiri watu wawili wa kumwangalia, usiku na mchana, kwa pesa ambayo kwao isingelipia wiki moja ya nyumba ya wazee.

Tena kuna familia ya Ulaya iliyomleta mama yao HUKU baada ya kupoteza kumbukumbu. Anaimbiwa, anatembezwa ufuoni, ameshikwa mkono saa zote. Kwao angekaa kwenye kiti mbele ya runinga.

#27 Kijiti
Nesi, si #3 ulituambia afya ndiyo inayowaondoa? Sasa ndiyo inayowaleta? 😄

#28 Nesi_Kilifi
Inaondoa wanaohitaji mashine, inaleta wanaohitaji mikono. Mashine ziko mbali, mikono tunayo. Moyo na figo zinampeleka mtu Ulaya. Uzee wenyewe haumpeleki.

#29 Mlinzi_wa_Zamani
Dada Nesi hapo umesema. Ila hiyo mikono ilipwe vizuri. Binti anayemgeuza mzee kitandani usiku kucha analipwa kama mfua nguo. Hakuna anayemwandikia mkataba, na mzee akifa analala Jumanne ana kazi, anaamka Jumatano hana.

#30 Jicho_la_Pwani
Hili ndilo nilitaka lisemwe. Naunga mkono #29.

#31 Ngomeni_Asilia
Nyinyi vijana mmesahau matukio. Wazungu wa huku wameondoka kwa mawimbi. Baada ya bomu la Kikambala Novemba 2002. Baada ya ghasia za uchaguzi 2007 na 2008. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014, nchi zao zilipotoa maonyo na ndege za moja kwa moja zikapungua. Kisha korona 2020. Mtu aliyekuja mwaka mmoja kabla ya wimbi aliondoka, aliyekuja mwaka mmoja baada yake alikuta bei nzuri na utulivu akakaa. Mnatafuta tabia za watu wakati jibu liko kwenye kalenda.

#32 Kaskazi_na_Kusi
Lakini Ngomeni, kila wimbi lilikuwa na waliobaki. Mtaa mmoja, onyo moja la ubalozi, huyu akapanda ndege, yule akaenda kununua mkate. Kalenda haituelezi hao.

#33 Mtondoo
Nawashukuru wote. Sasa nileteeni akili kwa jambo lililo mbele yangu. Wiki hii nimeitwa kutengeneza pampu kwa mtu na mkewe, Waitaliano, wamekaa miaka kadhaa, nyumba ya mbali upande ule nilioutaja. Mume anajua Kiswahili, anapenda bahari, hataki kusikia habari za kurudi. Mke ana tatizo la nyonga, haendeshi gari tena, anakaa ndani na simu akizungumza na binti yake. Wanataka kuuza. Mume aliniuliza mimi fundi, "Wewe unaonaje?" Sikumjibu.

#34 Nesi_Kilifi
Nyonga inafanyiwa upasuaji Mombasa na Nairobi. Ashauriwe kuonana na daktari kabla ya kuuza nyumba.

#35 Leicester_Mkongwe
Hakuna nyonga pale. Kuna binti upande wa pili wa simu. Mwacheni mama aende kwa mwanawe.

#36 Chumbe_Muskati
Wahamie mjini kwanza. Wapange nyumba ndogo karibu na soko, mama aweze kutoka mlangoni. Ikishindikana ndipo wazungumze habari za Italia.

#37 Bi_Shela
Fundi, ungekwenda na mkeo au dada yako siku nyingine, amsalimie huyo mama. Wote mnaingia kwa mume na pampu. Yeye nani anaingia kwake?

#38 Kaskazi_na_Kusi
Lolote watakaloamua, waambie wasitangaze sasa hivi. Mwezi wa tano hakuna mnunuzi Malindi, na atakayejitokeza atawapa nusu bei. Wangoje Desemba.

#39 Mlinzi_wa_Zamani
Na wakiuza, wamlipe mlinzi haki yake kabla hawajapanda ndege. Fundi, hilo unaweza kumwambia bila kuogopa.

#40 Mtondoo
Ya mlinzi nitamwambia kesho. Bi Shela, dada yangu amekubali, tunakwenda pamoja Jumamosi na mahamri.